Jeraha la kano za goti katika mchezo wa skii

Jeraha la kano za goti ni hali ya kuvutika kupita kiasi, kuchanika au kukatika kabisa kwa kano moja au zaidi kati ya zile zinazoshikamanisha mifupa ya goti. Katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa skii, goti ndilo sehemu ya mwili inayoumia mara nyingi zaidi. Kano mbili zinazodhurika sana ni kano msalaba ya mbele na kano ya pembeni ya ndani.

Muda wa kupona unategemea ni kano ipi imeumia. Kano ya pembeni ya ndani kwa kawaida hujiunga yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Kano msalaba ya mbele ikikatika kabisa mara nyingi haijiungi vizuri, na kurudi michezoni huchukua kwa kawaida miezi 9 hadi mwaka mmoja au zaidi. Maumivu na uvimbe huisha mapema kuliko udhaifu, hivyo mgonjwa hujisikia amepona wakati goti lenyewe bado halijawa tayari. Kurudi michezoni katika kipindi hicho huongeza hatari ya kuumia tena.

## Muundo wa goti

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja na mfupa wa ugoko. Ncha ya mfupa wa paja ni ya mviringo, na sehemu ya juu ya mfupa wa ugoko ni karibu bapa, kwa hiyo mifupa hiyo peke yake haishikani vizuri. Uthabiti wa goti hutokana na misuli inayolizunguka, vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyoitwa menisko, na kano kubwa nne:

* Kano msalaba ya mbele hupita katikati ya goti. Huzuia mfupa wa ugoko usisogee mbele wala kujizungusha kupita kiasi chini ya paja. Urefu wake ni kama sentimita 3 tu.
* Kano msalaba ya nyuma huzuia mfupa wa ugoko usisukumwe nyuma.
* Kano ya pembeni ya ndani huzuia goti lisipinde kuelekea goti la pili.
* Kano ya pembeni ya nje huzuia goti lisipinde kuelekea nje.

Kano mbili za katikati huitwa "msalaba" kwa sababu hupishana kama herufi X.

Mahali kano ilipo huathiri namna inavyopona. Kano ya pembeni ya ndani iko nje ya uwazi wa kiungo na hupata damu ya kutosha, hivyo kovu imara hujengeka pale ilipochanika. Kano msalaba ya mbele iko ndani ya kiungo, ikizungukwa na ute. Ikikatika, ncha zake huachana, na bonge la damu ambalo lingekuwa daraja la tishu mpya huyeyuka katika ute huo.

## Jinsi jeraha linavyotokea

Skii ni ubao mrefu uliofungwa mguuni, na urefu huo huufanya kuwa wenzo. Nguvu ndogo kwenye ncha au mkia wa skii hugeuka kuwa nguvu kubwa ya kuuzungusha mguu. Buti gumu hushika kifundo cha mguu kisipinde, kwa hiyo nguvu hiyo hupanda hadi ugokoni na gotini.

Vifungio vya kisasa vinavyoshika buti kwenye skii vimetengenezwa ili viachie mtelezaji anapoanguka. Pamoja na mabadiliko ya mabuti, vifungio hivyo vilipunguza sana mivunjiko ya mfupa wa ugoko kuanzia miaka ya 1970. Hata hivyo, vinaitikia nguvu zinazofika kwenye ncha na kisigino cha buti. Havitambui mkazo ulio ndani ya goti. Kano inaweza kukatika wakati kifungio bado kimeshika.

Njia kuu za kuumia ni hizi:

* Kuanguka nyuma huku mguu ukizungushwa. Mtelezaji hupoteza mizani, makalio yakashuka chini ya usawa wa magoti, na uzito wote ukabaki kwenye ukingo wa ndani wa skii ya upande wa chini wa mteremko. Mkia wa skii hiyo hung'ata theluji na kuligeuza goti kwa ndani. Mkia huo hufanya kazi kama mguu mwingine unaoelekea nyuma, na wataalamu wameuita "mguu wa mzuka".
* Kutua vibaya baada ya kuruka. Mtelezaji akitua kwa mkia wa skii huku ameegemea nyuma, sehemu ya nyuma ya buti huusukuma mfupa wa ugoko mbele kwa ghafla.
* Skii kuteleza kisha kushika. Katika mashindano ya kasi, skii ya nje hupoteza mshiko kwenye kona, kisha ukingo wake hunasa theluji ghafla na kulikunja goti kwa ndani.
* Skii kufunguka pande mbili. Wanaoanza kujifunza hupunguza mwendo kwa kuziweka skii katika umbo la V. Ukingo wa ndani ukinasa, mguu huvutwa nje na kano ya pembeni ya ndani huchanika.

Miongoni mwa watu wanaoteleza kwa kujifurahisha, wanawake huumia kano msalaba ya mbele mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

## Dalili na huduma ya kwanza

Mtu aliyekatika kano msalaba ya mbele mara nyingi husikia mlio au mshtuko ndani ya goti. Goti huvimba ndani ya saa chache kwa sababu damu huvuja ndani ya kiungo. Baadaye mgonjwa huhisi goti "linamwachia" anapogeuka au kushuka ngazi. Kano ya pembeni ya ndani ikichanika, maumivu huwa zaidi upande wa ndani wa goti, na uvimbe unaweza kuwa mdogo.

Baadhi ya majeruhi huweza kusimama na kutembea dakika chache baada ya kuanguka. Hiyo si dalili kwamba kano ni nzima. Akiendelea kuteleza, goti lililolegea linaweza kuteguka tena na kuchana menisko. Inashauriwa abaki mahali salama na kusubiri waokoaji wa mteremko. Mguu hutulizwa, hufungwa bandeji ya kubana kiasi, huinuliwa, na kuwekewa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara.

Hali zifuatazo ni za dharura:

* goti limepinda au limetoka mahali pake;
* mguu chini ya goti umekuwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, kwa maana mshipa mkubwa wa damu au neva inaweza kuwa imeumia;
* siku zinazofuata, muundi wa nyuma unavimba na kuuma, au mgonjwa anabanwa kifua na kukosa pumzi. Hizi zinaweza kuwa dalili za damu kuganda ndani ya mishipa.

Dalili hizo za mwisho zinawahusu hasa wageni wanaosafiri kwa ndege kurudi nyumbani baada ya ajali. Kukaa muda mrefu bila kuusogeza mguu ulioumia huongeza hatari ya damu kuganda, hivyo wanapaswa kumwuliza daktari kabla ya safari.

## Uchunguzi

Daktari huanza kwa kusikiliza maelezo ya ajali na kulipima goti kwa mikono. Katika kipimo cha Lachman, goti hukunjwa kidogo, paja hushikwa kwa mkono mmoja, na ugoko huvutwa mbele kwa mkono mwingine. Ugoko ukisogea kuliko ule wa mguu mzima, bila kuonekana kukomea mahali, kano msalaba ya mbele huenda imekatika. Kipimo hiki huwa kigumu siku za kwanza kwa sababu ya uvimbe na maumivu, kwa hiyo mara nyingi hurudiwa baadaye.

Picha ya eksirei huonyesha kama mfupa umevunjika, lakini haionyeshi kano. Picha ya MRI huonyesha kano, menisko, gegedu na michubuko ya ndani ya mfupa.

## Matibabu

### Bila upasuaji

Jeraha la kano ya pembeni ya ndani peke yake karibu kila mara hutibiwa bila upasuaji. Mgonjwa huvaa kishikizo cha goti kinachozuia mguu usipinde pembeni, huku akianza mazoezi mapema.

Kano msalaba ya mbele iliyokatika nayo inaweza kutibiwa kwa mazoezi, hasa kwa mtu ambaye goti lake halimwachii na ambaye yuko tayari kuacha michezo ya kugeuka ghafla. Utafiti uliofanyika Uswidi na kuchapishwa mwaka 2010 ulihusisha vijana na watu wazima 121 wenye kuishi maisha ya mazoezi. Kundi moja lilipasuliwa mapema. Lingine lilianza na mazoezi, likiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye kama ingehitajika. Baada ya miaka 2 makundi hayo hayakutofautiana katika maumivu na matumizi ya goti, na zaidi ya nusu ya kundi la pili hawakuwa wamehitaji upasuaji. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliowahusu wagonjwa 316 ambao magoti yao yalikuwa yameendelea kulegea kwa muda, ulionyesha kwamba waliopasuliwa walipata nafuu zaidi.

Kwa hiyo uamuzi hutegemea umri, kazi, mchezo, majeraha mengine ya goti na jinsi goti linavyofanya kazi baada ya wiki za mwanzo za mazoezi.

### Kwa upasuaji

Katika upasuaji wa kawaida, kano iliyokatika haishonwi bali nafasi yake huchukuliwa na pandikizi. Mara nyingi pandikizi hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe: kutoka kwenye kano iliyo chini ya kilegesambwa, kano za misuli ya nyuma ya paja, au kano ya misuli ya mbele ya paja. Daktari hutumia kamera nyembamba inayoingizwa kupitia tundu dogo, hutoboa njia katika mfupa wa paja na wa ugoko, hupitisha pandikizi na kulishikiza kwa skrubu au vifaa vingine.

Kama hakuna jeraha linalohitaji haraka, madaktari wengi husubiri uvimbe upungue na goti liweze kunyooka kabisa kabla ya kupasua. Goti linalopasuliwa likiwa bado limevimba na kukakamaa lina hatari kubwa zaidi ya kubaki gumu.

### Historia

Arthur Mayo Robson, daktari wa upasuaji huko Leeds, Uingereza, alishona kano msalaba za goti la mchimba madini mwaka 1895. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves alieleza namna ya kutengeneza kano mpya kwa ukanda wa tishu kutoka pajani. Wazo hilo la kubadilisha kano badala ya kuishona ndilo msingi wa upasuaji wa leo.

## Hatua za kupona

Muda uliotajwa hapa ni wa makadirio, kwa goti lililopandikizwa kano msalaba ya mbele. Mgonjwa huhamia hatua inayofuata anapotimiza masharti ya hatua aliyopo, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo. Menisko ikiwa imeshonwa pia, daktari anaweza kuchelewesha uzito na ukunjaji wa goti.

Wiki 2 za kwanza. Lengo ni kupunguza uvimbe, kunyoosha goti kabisa na kuiamsha misuli ya mbele ya paja. Uvimbe ndani ya goti hufanya mfumo wa neva uizuie misuli hiyo isikaze, na paja huanza kukonda ndani ya siku chache. Mgonjwa hukaza paja akiwa amelala, huinua mguu ulionyooka, na hutembea kwa magongo. Goti lisiponyooka kabisa mapema, mgonjwa anaweza kubaki akichechemea.

Wiki ya 2 hadi ya 6. Mgonjwa huacha magongo anapoweza kutembea bila kuchechemea. Huanza kuendesha baiskeli isiyosogea, kuchuchumaa kidogo na kupanda kidato.

Wiki ya 6 hadi ya 12. Hiki ni kipindi chenye udanganyifu. Maumivu yameisha na mgonjwa hutembea vizuri, lakini pandikizi liko katika hali dhaifu. Tishu iliyohamishwa hupoteza kwanza sehemu ya uhai wake, kisha mishipa mipya ya damu huingia na chembe mpya huijenga upya polepole ifanane na kano. Kazi hiyo huendelea kwa miezi mingi. Mazoezi ya nguvu na mizani huongezwa, bila kuruka wala kugeuka ghafla.

Mwezi wa 3 hadi wa 6. Mazoezi ya uzito huwa mazito zaidi. Mgonjwa mwenye nguvu ya kutosha na goti lisilovimba baada ya mazoezi huanza kukimbia kwa mstari ulionyooka, kisha kuruka na kutua kwa miguu miwili.

Mwezi wa 6 hadi wa 9. Hufuata kuruka kwa mguu mmoja, kubadili mwelekeo na mazoezi yanayofanana na mchezo wenyewe. Kwa mtelezaji, misuli ya paja hufundishwa kuhimili uzito goti likiwa limekunjwa kwa muda mrefu, hata baada ya kuchoka.

Baada ya miezi 9. Kurudi kwenye theluji huzingatiwa baada ya kufaulu vipimo. Mtelezaji huanza kwenye mteremko mwepesi uliosawazishwa, kwa muda mfupi, na kuacha kabla ya uchovu.

## Vipimo vya kurudi michezoni

Vipimo vinavyotumika sana hulinganisha mguu ulioumia na mguu mzima: nguvu ya misuli ya paja, umbali wa kuruka kwa mguu mmoja, na namna ya kutua bila goti kuangukia ndani. Kiwango kinachotakiwa mara nyingi ni angalau asilimia 90 ya mguu mzima.

Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 106 kwa miaka 2 baada ya upasuaji. Kwa kila mwezi ambao kurudi michezoni kuliahirishwa, hadi kufikia miezi 9, kiwango cha kuumia tena kilipungua kwa karibu nusu. Waliokuwa na nguvu za paja zinazolingana zaidi pande zote mbili pia waliumia kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo muda na nguvu vyote vinahitajika. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

## Hofu na matarajio

Mapitio ya tafiti 69 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba baada ya upasuaji asilimia 81 ya wagonjwa walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, lakini asilimia 65 tu walirudi katika kiwango chao cha awali. Mojawapo ya sababu za wengine kutorudi ni hofu ya kuumia tena. Hofu hiyo ni ya kawaida, na hupungua mgonjwa anaporudishwa hatua kwa hatua kwenye mazingira yanayofanana na yale aliyoumia.

Goti lililowahi kukatika kano lina hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo miaka mingi baadaye, hasa kama menisko iliumia. Upasuaji hauondoi hatari hiyo. Kwa sababu hiyo mazoezi ya kuimarisha paja na kudhibiti uzito wa mwili huendelea kuwa na faida hata baada ya mgonjwa kuruhusiwa kucheza.

## Mifano

Mmarekani Mikaela Shiffrin aliumia kano ya pembeni ya ndani huko Åre, Uswidi, Desemba 2015. Hakupasuliwa, na tarehe 15 Februari 2016 alirudi kwa kushinda shindano la Kombe la Dunia huko Crans-Montana, Uswisi.

Mmarekani mwenzake Lindsey Vonn alianguka Schladming, Austria, tarehe 5 Februari 2013. Alikatika kano msalaba ya mbele na kano ya pembeni ya ndani za goti la kulia, na mfupa wa ugoko ulivunjika karibu na goti. Alipasuliwa, akarudi mazoezini, lakini Novemba mwaka huo aliumia tena goti lilelile na hatimaye alikosa Olimpiki ya Sochi ya 2014. Baada ya upasuaji wa pili alirudi mashindanoni Desemba 2014 na kushinda mwezi huohuo. Januari 2015 alipata ushindi wake wa 63 wa Kombe la Dunia, akivunja rekodi ya wanawake iliyoshikiliwa na Annemarie Moser-Pröll wa Austria.

## Kinga

* Vifungio virekebishwe na fundi kulingana na uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na uwezo wa mtelezaji. Kusema uwongo kuhusu uwezo ili kuonekana hodari hufanya vifungio vikazwe kupita kiasi.
* Kujifunza kuanguka. Mtelezaji aliyekwisha kupoteza mizani asijaribu kusimama huku bado anateleza. Akunje magoti, akubali kuanguka na asubiri hadi atakaposimama kabisa. Huko Marekani, mafunzo ya kutambua mkao wa hatari yaliyotolewa kwa waokoaji na walimu wa skii katika msimu wa 1993/94 yalifuatiwa na upungufu wa asilimia 62 wa majeraha makubwa ya goti miongoni mwa waliofunzwa.
* Mazoezi ya paja, nyonga na kiuno yaanze wiki kadhaa kabla ya msimu.
* Kuacha kabla ya kuchoka, kwa kuwa misuli iliyochoka huchelewa kulilinda goti.

Skii si mchezo wa kawaida katika Afrika Mashariki, ingawa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Jeraha la kano msalaba ya mbele, hata hivyo, hutokea pia katika mpira wa miguu, kikapu na netiboli, na hatua za kupona zilizoelezwa hapa ni zilezile isipokuwa mazoezi ya mwisho, ambayo hufuata mahitaji ya kila mchezo.